Fundo la Katikati

Hakuna mtu aliye hai aliyevuka daraja letu la mto Ruvubu. Lilikuwa la magogo na kamba za mimea, kabla Wazungu hawajafika huku, babu wa shangazi yangu akiwa kijana. Mafuriko yalilichukua, halikurudishwa. Wanafunzi wangu hapa Gitega, Burundi, huniuliza, "Mwalimu, kama halipo, tutajuaje lilikuwepo?" Swali zuri. Jibu lilikuwa mikononi mwa mdogo wangu, na hilo ndilo lililoniuma.

Vita vilipotutawanya, wazazi walinipeleka Tanzania. Yeye, mchanga na mgonjwa, alibaki Gasorwe kwa shangazi. Niliporudi nilikuta amerithi kwa shangazi namna ya kufunga mafundo ya daraja hilo. Shangazi alimwita "mwanangu". Mimi aliniita "mwalimu".

Nieleze kidogo. Kila ng'ambo ilifunga nusu yake. Katikati ya mto, mtu wa huku na mtu wa kule walifunga fundo la mwisho uso kwa uso, kila mmoja kwa mkono mmoja, kwa kuwa mwingine ulishikilia gogo.

Likizo iliyopita nilimwomba shangazi anifundishe.

"Kaa hapa, ubavuni mwa mdogo wako," akasema.

Kukaa sawa na mtoto niliyemzidi miaka sita? Nikakaa mbele yao, uso kwa uso, nikawa naiga kwa kamba ya mgomba. Kila nilichofunga kilifumuka.

Mdogo wangu akacheka. "Dada, we unafunga kinyume. Kule Tanzania mlikuwa mnafunga nini, upepo?"

"Tulikuwa hatuna shangazi wa kutubembeleza," nikamjibu.

Shangazi hakucheka. Alikuwa anatazama vidole vyangu. "Rudia."

Nikarudia.

"Huo ni mkono wa ng'ambo, walivyofunga watu wa kule," akasema taratibu. "Mi sijauona tangu afe yule rafiki wa babu wa upande ule. Sisi tulibaki na wetu tu."

Akaweka ukuni kati yetu. Mdogo wangu akatoa mkono wake, nami wangu. Fundo likakaza. Shangazi akalivuta kwa nguvu zake zote, halikulegea.

Wanafunzi nitawaonyesha, ila siwezi peke yangu. Lazima nimwite yeye aje kutoka Gasorwe. Nimeshamwita. Nikiwa mkweli, bado inaniuma kwamba yeye alipewa mkono wa kwetu, mimi nikaokota wa ng'ambo kwa sababu ya kununa na kukaa mkabala nao.