Bakshishi ya Kwanza ya Roba Gababo

Roba Gababo amehudumu mezani katika Hoteli ya Kisima Kipya, mjini Garissa, kwa miaka ishirini na miwili, na katika muda huo wote amelipwa kwa sarafu mbili: mshahara, ambao huchelewa, na dua, ambazo hutolewa papo hapo. Kwa hesabu ya dua, Roba ni tajiri mkubwa. Ameombewa umri mrefu na watu wasiopungua elfu kumi, hata mkewe Sake husema kwamba kwa mshahara ule umri mrefu si baraka, ni tishio.

Isidhaniwe kwamba neno bakshishi hatulijui. Sisi waungwana wa mji huu tumesafiri, na tumeona jinsi watu wa Nairobi wanavyomwachia mhudumu noti chini ya sahani. Huku kwetu chini ya sahani huachwa mifupa. Mteja hula sinia zima la wali, humwita Roba mara tisa kwa kugonga meza kwa kijiko, humrudisha jikoni kwa sababu ndizi ya kulia wali ina doa, kisha husimama, hujipapasa tumbo na kusema, "Allah akuzidishie, walaal," yaani ndugu yangu. Huondoka akiwa na yakini kamili kwamba amemzidishia.

Wala isidhaniwe kwamba sisi ni wachoyo. La hasha! Ukarimu wetu una sheria, na sheria ya kwanza ni kwamba wanaume wakila pamoja, lazima wapigane ili ijulikane nani atalipa. Nimewaona wazee wenye ndevu zilizotiwa hina wakikabana mashati mbele ya kaunta, kila mmoja akiapa kwamba hatamsemesha mwenzake tena iwapo atatangulia kulipa. Mtu anayekaa kimya bili inapoletwa hutazamwa kama mtu aliyelelewa na fisi.

Katika vita hivyo Roba ndiye mwamuzi. Yuko mteja anayetaka kulipa, na yuko anayetaka kuonekana akitaka kulipa. Huyu wa pili mkono wake huingia mfukoni kwa kasi ya umeme, lakini hutoka kwa mwendo wa ngamia mwenye mimba. Roba humtambua kwa kiwiko tu. Hupokea pesa za yule wa kwanza, humpa pole yule wa pili, na wote wawili hurudi nyumbani wakiwa na heshima zao. Malipo ya kazi hiyo ni dua moja kwa kila upande.

Siku moja ya Jumatano, saa moja kabla ya sala ya adhuhuri, aliingia hotelini mzee Isse, mkazi wa mtaa wa Iftin, aliyekuwa mlinzi wa shule kwa miaka thelathini hadi alipostaafu. Hakuketi. Alimvuta Roba hadi nyuma ya pipa la maji.

"Roba, walaal, leo nisaidie," alisema kwa sauti ya chini. "Wakwe wa Ugbad wanakuja kula."

Ugbad ni binti yake wa pekee. Alikuwa ameposwa na kijana wa mji wa Liboi, mtoto wa Najib, mfanyabiashara wa mifugo ambaye ng'ombe wake hawahesabiki na ambaye, kwa unyenyekevu, huwakumbusha watu hivyo.

"Hiyo ni heri, adeer," alisema Roba, akimwita ami kwa heshima.

"Heri gani? Yule mtu nimekutana naye mara tatu, mara zote hapa, katika mji wangu mwenyewe, na mara zote amelipa yeye. Mara tatu, Roba! Mgeni ananilisha mimi mwenyeji! Unajua ananiitaje? Askari. 'Askari, ongeza nyama. Askari, shiba.' Na tarehe ya nikaha kila nikiitaja anasema tutaona. Akinilisha mara ya nne, binti yangu ataingia nyumba ile kama gunia la msaada, na mama mkwe atamhesabia kila tonge alilokula baba yake."

Akatoa bahasha iliyokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na shilingi elfu nne na mia tano.

"Umeuza nini, adeer?" Roba aliuliza, kwa kuwa aliijua pensheni ya mlinzi.

"Mbuzi. Yule mweusi."

"Yule mwenye maziwa?"

"Usiniulize habari za maziwa. Shika!"

Isse alikuwa ameisoma orodha ya bei ukutani kama mtahiniwa anayesubiri mtihani. Sinia la wali na mguu wa mbuzi, maziwa ya ngamia bilauri nne, chai: jumla elfu nne na mia nne. "Ile mia inayobaki ni yako," alisema.

Roba alimtazama kama mtu aliyesemeshwa kwa lugha ya ng'ambo.

"Leo hatalipa hata maji, wallahi," akaapa, na bahasha akaitia kifuani.

Najib alifika baada ya sala, akiwa na ndugu zake wawili, watu wenye afya njema ambao, kwa kuwatazama, ungefahamu kwamba hawakuja kuonja. Alimshika Isse bega, akasema kwa sauti iliyofika mpaka jikoni, "Askari! Leo pia nitakushibisha!"

Sasa lazima nieleze jiografia ya hoteli ile. Sinki la kunawia mikono limejengwa kando ya kaunta, na nyuma ya kaunta huketi Fathi, mwenye hoteli, mtu mchaji ambaye hajawahi kukataa pesa zinazokuja zenyewe. Ujanja wa zamani wa mji wetu ni kusema, "Ngoja ninawe," kisha kulipa kwa mkono unaodhaniwa uko majini. Roba aliyajua hayo yote. Kabla Najib hajainuka, alimtokea na birika, beseni na taulo begani, akawanawisha wageni palepale walipoketi, kama katika nyumba za mabibi zetu.

"Mashallah," alisema ndugu mmoja. "Siku hizi mna adabu."

"Tulikuwa nayo, mzee. Ilikuwa imehifadhiwa stoo."

Wakala. Kila mmoja alikula kwa mkono wa kuume, upande wake wa sinia, kama ilivyo stahiki. Isse alimsukumia Najib mnofu ulionona, Najib akamrudishia, Isse akausukuma tena. Mnofu ule ulisafiri kiasi kwamba, lau ungekuwa ungali hai, ungedai malisho. Mambo yalikwenda vizuri hadi ndugu mdogo wa Najib alipoinua kichwa.

"Waryaa, mhudumu! Nyirinyiri ipo?"

Mkono wa Isse ukakwama katikati ya sinia na kinywa. Nyirinyiri ni nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, kisha ikahifadhiwa katika samli. Ni tamu, na bei yake inajua kwamba ni tamu. Roba angependa sana kusema kwamba imekwisha, lakini mabakuli yalikuwa yamepangwa juu ya kaunta, mbele ya macho ya watu wote.

"Ipo, mzee."

"Lete. Na maziwa mengine."

Shilingi mia tisa na hamsini. Isse alimtazama Roba, na Roba akamtazama Isse. Hapakuwa na haja ya karatasi wala kalamu: zilipungua mia nane na hamsini, na mbuzi mwingine hakuwapo.

Hapo ndipo Najib alipotoa simu.

Miaka miwili iliyopita Fathi alitundika ukutani kibao chenye nambari ya kulipia kwa simu, tarakimu zenye ukubwa wa mkate, ili kurahisisha maisha. Aliyarahisisha kwelikweli. Tangu siku ile mtu aweza kukuvunjia heshima chini ya meza, kwa kidole gumba kimoja, huku akiisifu nyama. Najib alikuwa ameisahau miwani yake Liboi. Alikunja uso, akakikazia kibao macho. Ghafla, mbele ya kibao, akaona shati la Roba.

Najib aliinamia kushoto. Roba naye akasogea kushoto. Najib akainamia kulia, shati likamfuata.

"Waryaa, wewe! Huna kazi?"

"Ninakuhudumia, mzee."

"Unanihudumia kwa kunizibia ukuta?"

"Kuna nzi, mzee. Ninawazuia."

Ndugu zake wakacheka. Mmoja akasema, "Najib, huyo ndiye askari wa kweli, si huyu tuliye naye mezani." Isse alicheka pia, kwa kuwa mtu anayelishwa hulazimika kucheka.

Najib akainuka mwenyewe, akamwendea Roba, akamtia noti ya elfu moja katika mfuko wa shati. "Chukua hiyo," alimnong'oneza. "Halafu toka hapo."

Naomba msomaji atue kidogo, maana tukio hili ni la kihistoria. Kwa miaka ishirini na miwili Roba amebeba masinia yenye uzito wa ndama, amefuta maziwa yaliyomwagwa na watoto wa watu, amevumilia kuitwa kwa mluzi, na hakupewa kitu. Siku alipopewa, alipewa ili aache kuhudumu. Aidha, alipewa elfu nzima. Kumbe bei ya huduma yake tulikuwa tukiijua siku zote. Tulikuwa tukingoja aisitishe.

"Natoka, mzee," alisema Roba kwa unyenyekevu.

Na kweli akatoka. Lakini alipokuwa ameupa ukuta mgongo, vidole vyake havikuwa vimelala. Kibao kile kilishikwa na msumari mmoja tu, Fathi akiwa mtu wa kubana matumizi. Roba alipoondoka, kibao kiliondoka naye, kikiwa chini ya trei.

Najib aliketi, akainua simu, akainua macho. Akaona msumari.

"Nambari iko wapi?"

"Umeniambia nitoke, mzee. Nimetoka."

"Nilisema utoke wewe!"

"Mimi na nambari tumezoeana. Hatuachani."

Kabla vicheko havijakwisha, Roba alikuwa amefika kaunta. Aliweka mbele ya Fathi elfu nne na mia tano za mbuzi mweusi, na juu yake ile elfu moja ya ng'ombe wa Liboi. Fathi alizihesabu mara mbili, akamrudishia mia moja na hamsini kwa huzuni ya mtu anayemzika jamaa yake, kisha akaigongea bili muhuri. Roba akaibeba kwa mikono miwili mpaka mezani, akaiweka mbele ya Isse, akasema kwa sauti ileile ambayo Najib aliingia nayo:

"Adeer Isse, shukrani. Umelipa kila kitu, na nyirinyiri imo."

Najib aliruka. "Haiwezekani! Umelipa lini?"

Isse, ambaye naye asingekataa kuelezwa amelipa lini, aliutazama muhuri, akautazama tena, akakalia kiti chake vizuri kwa mara ya kwanza mchana ule. "Zamani," alijibu.

Najib akaugeukia mfuko wa shati la Roba. Ulikuwa umelala bapa. Ikiwa alifahamu noti yake ilikokwenda, hilo ni jambo lake, kwa sababu adabu zetu, pamoja na mapungufu yake, hazijampa mtu ruhusa ya kudai bakshishi mbele ya wakwe. Alicheka badala yake, cheko refu la mtu aliyepigwa mweleka akiwa bado na nguvu.

"Mkwe wangu," akasema, na neno la askari halikusikika tena, "utakapokuja Liboi, wallahi hutanunua hata kiberiti! Haya, tuambie. Hiyo nikaha unaitaka lini?"

Ikapangwa wakinywa chai: Ijumaa ya pili ya mwezi uliofuata.

Wageni walipotangulia nje, Isse alibaki mlangoni, akamshika Roba mkono. "Zile mia nane na hamsini. Umezitoa wapi? Usinifiche, nitalipa."

Angemwambia ukweli, mzee angejua kwamba kwa mara ya nne alikuwa amelishwa na Najib, japo kidogo. Roba alitafuta mkarimu wa kumsingizia. Aliyekuwa karibu alikuwa Fathi.

"Hakuna deni, adeer. Ile nyirinyiri ni zawadi ya mwenye hoteli. Amesema ni ya Ugbad."

Isse alitazama kaunta, macho yakamlowa. Kuhusu ile mia aliyoahidi, alisahau kuuliza. Alimwombea Roba umri mrefu, akaondoka.

Roba alimpelekea Sake zile mia moja na hamsini. Sake aliziangalia, akauliza kama ni rambirambi, na ni nani aliyefiwa.

Iftin si mtaa wa kuweka siri. Kufikia Ijumaa, ukarimu wa Fathi ulikuwa umetajwa msikitini, sokoni na katika kila duka la sukari. Watu waliomfahamu tangu utotoni walibishana mpaka jasho likawatoka. Wengine walikuja hotelini, wakaketi, wakaagiza chai kavu, wakatazama mabakuli ya nyirinyiri kwa subira.

Fathi akamwita Roba kaunta. "Kuna watu wananisingizia kwamba mimi hutoa vitu bure. Nani ameanzisha?"

"Mzee Isse."

"Na wewe hukumwambia kwamba si kweli?"

"Niliona si adabu, mzee. Nikasema umwambie mwenyewe. Yule pale."

Isse alikuwa amesimama mlangoni katika kanzu yake safi, viganja vimeelekea juu, akimwombea Fathi kwa jina, na jina la baba yake, na mali yake iongezeke, na umri wake urefuke, na mlango wake usifungwe. Hoteli nzima ilikuwa imeacha kutafuna.

Fathi aliutazama umati. Akayatazama mabakuli. Mkono wake ulishika ndevu.

"Amina," alisema.

Kisha akainama chini ya kaunta, akatoa nyundo na misumari minne, mmoja kwa kila pembe, akamkabidhi Roba pamoja na kile kibao cha nambari.