Uma Wangu Katika Sinia la Watu

Nilifika Dar es Salaam nikiwa na uma mfukoni. Niliufunga kwenye leso, na kila asubuhi niliusugua kwa majivu. Shule niliiacha mapema. Adabu za mezani nilijifundisha mwenyewe kule kwetu Kilimanjaro, kwa kijitabu kilichochakaa, nikikata ndizi za kuchemsha kwenye sahani ya bati: uma mkono wa kushoto, kisu mkono wa kulia. Niliogopa mno kukosea. Naogopa hata sasa.

Mzee mmoja wa upande wa Kilwa alikuwa anatafuta muuzaji wa duka lake la vitambaa, Kariakoo. Kazi ile niliitaka sana. Nilikuwa nalala sakafuni kwa binamu yangu Ilala, na mkewe alishaanza kufagia kabla sijaamka. Mzee alinipa kanga nikunje, akaona ncha zote zimekutana, akaridhika.

"Kukunja unajua," akasema. "Sasa twende tukale, nikujue na wewe."

Meza ya ile hoteli ilinata. Nilipoinua kiwiko, shati lilichelewa kuachia. Ukutani, picha ya malkia mpya wa Uingereza ilikuwa na madoa ya nzi mpaka kwenye taji. Mshirika wa mzee, mtu mnene wa mizaha, alikuwa ameshakaa akitusubiri. Likaletwa bakuli moja la maji. Akanawa mzee, akanawa mshirika, na maji yakanifikia yakiwa na rangi ya chai. Nililowesha ncha za vidole tu, nikavipangusa kwenye suruali.

Kisha likaja sinia moja la wali, letu sote watatu, na juu yake samaki mzima, na macho yake. Kwetu samaki ni ndugu wa nyoka. Mama yangu hajawahi kumgusa. Mzee akasema bismillahi, akafinyanga tonge, akala, akalamba kidole gumba, kisha kwa vidole vilevile akanyofoa shavu la samaki na kuliweka upande wangu.

"Hapo ndipo penye utamu. Kula, mwanangu."

"Mwache," mshirika akasema. "Samaki hapandi mlima, miguu itamuuma. Atamjulia wapi?"

Niliona mate ya mzee yaking'aa kwenye wali. Nikajikumbusha kwamba nyumbani nilikuwa napokezana kibuyu kimoja cha mbege na wajomba zangu, masharubu yao yakidondosha pombe, wala sikujali. Haikusaidia. Tumbo halisikii hoja.

Basi nikatoa uma. Nikaushika mkono wa kushoto kama nilivyojizoeza, nikauchoma katikati ya wali.

Tonge la mzee likasimama hewani. Mshirika akaacha kutafuna.

"Bwana mdogo," akasema polepole, "ukienda chooni, mkono huo huwa unauacha nyumbani?"

Nikaeleza kwamba mkono haukugusa chakula, kilichogusa ni uma, na uma ni safi, nimeusugua kwa majivu. Kila nilivyozidi kueleza ndivyo walivyozidi kutazama pembeni. Midomo ya mzee ilikuwa imevutwa kwa kinyaa. Niliijua sura ile. Nilikuwa nayo mimi tangu tulipoingia mlangoni.

Akaliweka tonge ukingoni mwa sinia, akanawa.

"Sisi tumeshiba. Kula wewe, mwanangu, usimwache samaki."

"Na kazi, mzee?"

"Tutaitana, inshallah."

Sikuitwa.

Walipotoka nilibaki na sinia peke yangu, jambo nililolitamani tangu mwanzo. Nilikuwa na njaa, na kule Ilala, mke wa binamu yangu lazima alikuwa ameshaosha vyungu. Nikahamishia uma mkono wa kulia, nikachora mstari kwenye wali, huku kwao kwenye alama za vidole, huku kwangu. Lile shavu nikalisukumia kwao na kulifukia nisilione, ila harufu yake haikuondoka. Nikala mpaka mstarini, nikiwa nimebana pumzi.

Mhudumu alipokuja kutoa vyombo, aliutazama uma wangu, kisha sinia. Akalibeba kwa ncha za vidole, akilitenga mbali na nguo yake.