Sauti Iliyogoma Kufunguka

Kamera yangu ya kwanza niliinunua mtumba hapa Bariadi, na kwa bei ile sikutegemea makubwa. Picha zake, hata hivyo, zilikuwa safi. Kila harusi niliihariri kwa mtindo wa mjini kwetu: unatupa kelele zote za ukumbini, unamwaga kwaya mwanzo hadi mwisho, watu wanafurahi. Ndiyo maana sikuwahi kujua kwamba kompyuta yangu haifungui sauti ya kamera ile hata chembe.

Nilijua siku bibi harusi mmoja alipokuja kuchukua video yake. Aliitazama akitabasamu, kisha akauliza, "Kaka, mbona sisikii nilivyoongea?"

"Nimeweka kwaya, dada. Inapendeza zaidi."

"Hii nampelekea bibi yangu wa Nkoma, ndiye aliyenilea. Hakuja harusini, miguu imemgomea. Na haoni, kaka. Sasa kwaya ataifanyia nini?"

Nikaiondoa kwaya. Chini yake kimya kitupu. Na harusi hairudiwi.

Nikaweka kiburi mfukoni, nikaenda kwa mpiga video mwenzangu wa karibu na stendi. Huyu ni mshindani wangu, na nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba anafaa kwa picha za vitambulisho tu. Alichomeka kadi ya kamera yangu kwenye kompyuta yake, akafungua faili kwa programu nyingine. Sauti ikatoka! Nusura nimkumbatie.

"Ipo yote," alisema. "Kamera yako inahifadhi sauti kwa fomati ambayo programu yako ya kuhariri haiielewi. Geuza kila faili liwe MP4 kwanza, ndipo uanze kukata."

Akanigeuzia yote mwenyewe, akanicheka kidogo, akaniwekea na ile programu ya kugeuzia. Hakutaka hata soda. Namshukuru mpaka leo, na wateja wakiniuliza habari zake nawaambia ni fundi.

Nilihariri upya, kwaya ikakaa pembeni. Nikaacha kila kitu: viti vinavyoburutwa, watoto wanaolia, jenereta. Kisha tukaenda Nkoma na kompyuta yangu mpakato, mimi na bibi harusi.

Bibi alikuwa ameketi uani kando ya rundo la pamba, akichambua kwa vidole. "Mwadila, mayu," tukamsalimia kwa Kisukuma. Akaomba kompyuta aipakate. Akasikiliza ukumbi wote kichwa kikiwa kimeinama, hadi mjukuu wake aliposhika maiki:

"Aliyenilea yuko Nkoma. Naomba mumpigie vigelegele mpaka avisikie."

Ukumbi ukalipuka. Bibi akainua uso, akajibu kwa vigelegele vyake mwenyewe. Nilifuta machozi bila kujificha, maana nilikaribia kumpelekea kwaya tupu.

Vya ukumbini viliisha. Vyake viliendelea, mpaka majirani wakaanza kuingia uani, wakiuliza nani anaolewa.