Mifarika Waliopotezewa Jina

Asubuhi ambayo ushirika wa wafugaji wa kijiji cha Gorna Luka ulikuwa ukae kumfukuza kazi Velika Chausheva, Zlatina Kehayova aliamka na hasira. Mumewe alimsogezea mkate na jibini. Akavisukuma kando.

"Kula kidogo, mama. Kikao kitakuwa kirefu."

"Usinisemeshe leo, Asen. Nitakutafuna wewe."

Asen, aliyemjua, akaondoa sahani mezani.

Velika alikuwa mchungaji mkuu wa kondoo wa ushirika kwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na mume, hakuwa na mtoto, na akitolewa mlimani hakuwa na pa kwenda ila chumba cha uani kwa dada yake, ambaye walikuwa hawaivi chungu kimoja. Shtaka lake lilikuwa fupi: alikuwa amewanywesha mifarika sitini na wawili dawa ya minyoo kupita kiasi, wote wakapofuka, na karatasi ya vipimo ilikuwa na sahihi yake. Mfarika ni kondoo jike kijana ambaye hajazaa, ndiye kundi la mwakani. Kuwapoteza sitini na wawili ni kula mbegu.

Zlatina ndiye aliyejua jinsi sahihi ile ilivyopatikana.

Yeye alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye mabega ya kubeba magunia na miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Ukoo wao ulikuwa wa wachungaji tangu enzi za Waturuki. Alisoma hesabu mjini Plovdiv miaka miwili, mama yake akapooza, akarudi kumuuguza, na mama alipokufa hakuona sababu ya kuondoka tena. Ushirika ukampa meza karibu na jiko la kuni, kompyuta iliyotupwa na benki, na kazi ya kuandika nani ana kondoo wangapi. Akachoka kuandika kwa mkono. Akajifundisha kutunga programu.

Programu ya kwanza aliitunga kama walivyomfundisha mjini, kwa maneno ya Kiingereza ya kuokoteza. Baada ya mwaka aliifungua, akaikuta ngeni, hakujua alikuwa ameandika nini. Akaifuta kwa ghadhabu. Katika programu kila kitu kinachohesabiwa hupewa jina na mtungaji, na mashine haijali jina hilo ni la lugha gani, mradi lisibadilike njiani. Basi Zlatina akaandika kwa herufi za kwetu, si za Kiingereza, na kwa maneno ya zizini: mwanakondoo, beberu la kondoo, mama mwenye maziwa, mama aliyekauka, na dzviska, ambaye ndiye mfarika. Uzito wa mfarika. Kipimo cha mfarika. Mtu yeyote aliyewahi kukanyaga samadi angeisoma na kuielewa.

Na Velika aliisoma. Huo ndio ukawa utaratibu wao. Kila vipimo vya dawa vilipobadilika, Zlatina alichapa kurasa za programu yenyewe, si orodha tu, na Velika alishuka kutoka mlimani ananuka moshi na sufu, akasimama mbele ya jiko, akavaa miwani, akasoma kwa sauti mstari kwa mstari kama anasoma waraka kanisani. Akiridhika aliandika chini: nimesoma, Velika. Kompyuta alikuwa hajaigusa maisha yake yote. Lakini mwaka mmoja alisimama katikati ya mstari, akaangua kicheko.

"We Zlatina! Beberu langu lina kilo tisa? Ni beberu au ni paka?"

"Wapi, dada?"

"Hapa. Umesahau sifuri, mdogo wangu. Ungemnywesha kijiko cha mtoto, minyoo wangemshukuru."

Walicheka hadi machozi. Miaka kumi na minne walifanya hivyo, na hakufa hata mwanakondoo mmoja kwa kosa la kipimo.

Kisha ikaja kampuni kutoka Sofia.

Kampuni ilikuwa inakusanya programu za mifugo nchi nzima ili itengeneze moja kubwa ya kuuza hadi ng'ambo. Mwakilishi wake aliitwa Kiril Pashev, kijana mtanashati, viatu vyeupe, tabasamu la kumpa kila mtu. Dobri, mwenyekiti wa ushirika, alimpokea kwa rakia, pombe kali ya matunda, na maharage ya chungu, akamuonyesha kazi ya Zlatina. Kiril alisogeza kurasa kwenye kioo kwa kidole kimoja, akacheka.

"Samahani, bibie, lakini hii ni nini? Unamwandikia bibi yako barua?"

"Anayesoma ni dada Velika," akasema Zlatina. "Akishindwa kusoma hatuna programu."

"Hakuna mtu duniani anayeandika hivi. Wenzetu wakiona herufi hizi watasema tumetoka porini."

"Tumetoka porini. Kondoo wako wapi, kwenye lifti?"

Dobri alimkanyaga mguu chini ya meza. Alitaka mashine mpya ambazo kampuni iliahidi, na mtu akitaka kitu hivyo, ukimwambia neno ni sawa na kumpigia mbuzi gitaa. Akaagiza programu ikabidhiwe. Zlatina akapinga wiki nzima. Akaitwa mkaidi, akaitwa mtu wa zamani, akaambiwa ana wivu. Mwisho akachoka, akaituma. Hilo hajisamehe mpaka leo, na mimi pia sijui kama ningemsamehe.

Ilirudi mwanzoni mwa Oktoba, majina yote yamegeuzwa Kiingereza. Siku kumi na nane zilikuwa zimebaki kabla ya sikukuu ya Mtakatifu Dimitar, ambapo kondoo huteremshwa na kunyweshwa dawa kabla ya kuingia mazizi ya baridi. Na mwaka huo dawa ilikuwa mpya, kali, ambayo hata Velika hakuwa na uzoefu nayo. Zlatina akachapa kurasa kama kawaida. Velika akasimama mbele ya jiko, akavaa miwani, akazigeuza kurasa moja moja.

"Sisomi kitu hapa."

"Wamebadilisha majina tu, dada."

"Sasa niweke sahihi kwenye nini? Kwenye fito za uzio?"

Dobri akapaza sauti kutoka mlangoni: "Weka tu, Velika, usitucheleweshe! Kampuni inataka karatasi leo."

Velika hakumwangalia Dobri. Alimwangalia Zlatina.

"Wewe unasemaje?"

Na Zlatina, ambaye alikuwa amezipitia kurasa zile nusu nusu kwa sababu kila alipozitazama alitaka kuzichana, akasema: "Weka, dada. Namba hazijaguswa."

Velika akaandika: nimesoma, Velika. Herufi zikatoka zimepinda.

Siku ya kunywesha alipiga simu kutoka zizini, kondoo wanapiga kelele nyuma yake. "Zlatina, orodha yako inawapa mifarika sawa na mama zao. Ni kweli?"

"Ndivyo programu inavyosema. Labda ni dawa mpya."

"Labda au ni kweli?"

"Ni kweli, dada. Endelea."

Siku ya tatu mifarika walianza kugonga uzio. Walisimama wameinua vichwa, macho wazi na meusi, wakitembea moja kwa moja hadi ukutani na kubaki pale wakiuegemea. Daktari wa mifugo aliwamulika tochi mmoja mmoja, akasema wamepofuka na hawatapona. Zlatina alikimbilia kompyuta bila kuvua koti. Alilikuta kosa kabla kuni hazijashika moto. Aliyetafsiri kule Sofia alikuwa hajui kondoo. Pale alipokuta mama aliyekauka aliandika kondoo kwa Kiingereza, na pale alipokuta mfarika akaandika neno lilelile. Majina mawili yakawa moja, na mashine, ambayo haina desturi ya kuuliza, ikashika kipimo kilichoandikwa mwisho, cha mama wa kilo sitini, ikampa na mtoto wa kilo ishirini na tano.

Kurasa zingekuwa kwa maneno ya kwao, Velika angemkuta mfarika akiitwa kondoo tu, angezitupa kwenye moto wa jiko. Zlatina alijua hivyo kama anavyojua jina lake.

Ndiyo maana aliingia kikaoni hajala. Ukumbi wa maktaba ya kijiji ulijaa, watu zaidi ya sabini, kofia magotini. Velika alikuwa ameketi mbele peke yake, koti limefungwa hadi shingoni. Kiril alikuwa kando ya Dobri na karatasi moja mezani.

"Ni jambo dogo," akasema Kiril kwa upole. "Bi Zlatina athibitishe kwamba vipimo vilisomwa na kukubaliwa na mhusika. Sahihi tunayo. Kampuni haiwezi kubeba uzembe wa mnyweshaji."

Akamsogezea kalamu. Zlatina akaichukua, akaitupa sakafuni.

"Uzembe wa nani?"

"Zlatina!" akafoka Dobri.

"Wewe nyamaza, Mwenyekiti, zamu yako inakuja." Akatoa kurasa mfukoni, akampiga nazo Kiril kifuani. "Wewe umesoma. Tusomee. Mfarika yuko wapi hapa?"

Kiril akatafuta. Shingo ikaanza kuwa nyekundu. Akaonyesha neno.

"Na mama yake?"

Kidole kikasita, kikaonyesha neno lilelile mstari wa chini.

"Sauti, bwana, watu wa nyuma hawasikii."

"Limeandikwa neno moja. Labda lipo jingine la kitaalamu, lakini tafsiri yetu..."

"Kwa hiyo kwenu Sofia," akadakia mzee mmoja wa safu ya tatu, "mke na binti ni mtu mmoja?"

Wakacheka, lakini kicheko hakikudumu. Karibu kila familia mle ndani ilikuwa na mifarika wawili au watatu miongoni mwa wale sitini na wawili. Kicheko kikageuka mngurumo, viti vikaanza kusukumwa. Mwanamke mmoja alisimama akamwambia Kiril avue viatu vyake vyeupe aingie zizini akaone. Dobri aligonga meza hadi glasi ya maji ikapinduka, akisema jamani, jamani, lakini sahihi ni sahihi, mtu mzima hasaini asichosoma.

"Alisaini kwa sababu nilimwambia," akasema Zlatina.

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulimsikia.

"Alisema wazi hasomi kitu. Nikamwambia weka. Siku ya kunywesha akanipigia simu akauliza, nikamwambia ni kweli, endelea. Sikuwa nimeangalia. Nilikuwa nawachukia hawa hata sikutaka kuangalia kazi yao. Mkitaka kumfukuza mtu, nifukuzeni mimi. Na huyu Dobri aliyesimama mlangoni akisema weka, weka, naye mumuulize. Lakini mkimgusa Velika kwa karatasi ile, nitaipeleka mahakamani mwenyewe, nitasimama kila siku mpaka nife."

Alikuwa amemkasirikia Kiril, amemkasirikia Dobri, na zaidi ya wote amejikasirikia mwenyewe, na hasira hiyo ya mwisho haikuwa na mtu wa kupigwa.

Wakapiga kura kwa mikono. Velika akabaki mchungaji mkuu. Programu ya zamani irudishwe na majina yake yote, na kampuni ichukue yake iende nayo. Dobri alihesabu mikono mara mbili akitumaini atakosea, kisha akaandika. Watu walimzunguka Velika, wakampiga mgongoni, mmoja akamletea kikombe cha rakia. Hakunywa. Alisubiri wapungue, akamwendea Zlatina aliyekuwa bado amesimama palepale.

"Nimekusikia," akasema.

"Dada Velika, mimi..."

"Kesho saa kumi na mbili asubuhi daktari anakuja kuwaua. Wale wana dawa mwilini, hata nyama yao haifai. Lazima watolewe zizini mmoja mmoja hadi kwenye lori, na hawaoni. Mimi nikiwaita watanifuata. Wanaiamini sauti yangu. Siwezi kuwafanyia hivyo. Utawatoa wewe."

Asubuhi kulikuwa na baridi kali na jua bado halijafika bondeni. Velika aliketi mbali, nyuma ya ghala, amejiziba masikio. Zlatina aliingia zizini peke yake. Alimshika wa kwanza chini ya kidevu, mkono wa pili mgongoni, akamwambia neno lake, dzviska, taratibu. Mfarika alitetemeka, akanusa kiganja chake, akatulia. Kisha akafuata. Alimfikisha kwenye lori, akarudi kumchukua wa pili. Ilimchukua hadi saa nne, na katika wale sitini na wawili hakuna hata mmoja aliyegoma.