Njia ya Kuba Kwenda Parklands

Kazi yangu ni kutafuta njia. Kampuni ninayofanyia kazi ni ndogo, ofisi yake iko Hurlingham juu ya duka la dawa, na tunasafirisha vitu ambavyo lori la kawaida haliwezi kubeba: matangi, mashine za kuchimba barabara, transfoma. Mzigo ukiwa mrefu, mimi na dereva tunatangulia siku kadhaa kabla, kwa pikapu iliyofungwa ufito wa plastiki kwenye bampa ya mbele. Ufito huo tunaupima uzidi kimo cha mzigo kwa kiganja kimoja, kisha tunapita njia nzima polepole. Ukigusa kitu, njia hiyo tunaiacha.

Watu hudhani daraja likishajengwa limekaa vile vile. Sivyo. Kila wanapomwaga lami mpya juu ya ile kuukuu, barabara hupanda, na daraja lililo juu yake huwa limeshuka bila mtu kuligusa. Kibao kinaendelea kusema kimo cha zamani. Nimeona vibao vya namna hiyo mahali pengi, na nimejifunza kutoviamini.

Mwaka juzi, Ramadhani ikikaribia, alikuja ofisini mzee ambaye nimekuwa nikimwita ami tangu utotoni. Yeye na marehemu baba yangu walitoka pwani pamoja wakiwa vijana. Baba akawa mwalimu wa madrasa katikati ya jiji, ami akafungua duka la vitambaa mtaa wa pili kutoka hapo. Sasa alikuwa mwenyekiti wa kamati ya msikiti mdogo kule Parklands. Nilimwamkia shikamoo, nikamkaribisha chai, akanieleza kwamba msikiti umepata kuba jipya la chuma. Lilikuwa limeundwa kwenye karakana ya jua kali, ya mafundi wa uwanja wazi, karibu na Dagoretti Corner, na alitaka lifike kabla mwezi haujaandama.

Nilikwenda kuliona. Lilikuwa limekaa uani kwa fundi, kijani, linang'aa, kubwa kuliko nyumba iliyokuwa nyuma yake. Nilipolipima nikajua kwamba hata tukiliweka kwenye trela ile ya chini kabisa ambayo madereva huiita lobedi, litakuwa refu kuliko mzigo wowote niliowahi kuupangia njia. Nikamuuliza fundi kama linaweza kukatwa vipande viwili, likaungwe kule kule. Alisema inawezekana. Ami hakutaka kusikia. Alisema kuba lenye mshono litavuja, na watu walichanga kwa ajili ya kuba zima.

Dereva wetu alikuwa mtu wa Makueni, mkimya, mzee wa kanisa lake, amezeeka kwenye usukani. Tulianza kupima asubuhi moja baada ya mvua. Njia fupi ilipita barabara moja ya upande wa magharibi ambayo sitaitaja, na juu ya barabara hiyo palikuwa na daraja la chuma la watembea kwa miguu. Tulipolifikia ufito uligusa. Haukugonga kwa nguvu. Ulipinda, ukakwaruza, ukaachia upande wa pili. Dereva akasimamisha gari, tukashuka kutazama.

Boriti ya chini ilikuwa imejaa makovu. Kila kovu lilikuwa na rangi ya gari lililoliacha: nyeupe, buluu, njano ya lori la mchanga. Mengine yalikuwa yameshika kutu. Moja lilikuwa jipya, refu, chuma kimekunjika kama ukingo wa sufuria iliyoanguka.

Chini ya ngazi alikaa mama mmoja muuza machungwa. Tulinunua machungwa, tukamuuliza. Alisema malori hugonga mara kwa mara, na yeye ameshazoea. Akisikia kishindo anashika kwanza ndoo yake, halafu ndipo anaangalia. Lakini lile la mwisho, alisema, liligonga vibaya likakimbia, na tangu siku hiyo daraja huongea. Nikamuuliza huongea vipi. Akasema nisubiri jioni watu wakitoka kazini, nitasikia mwenyewe.

Dereva akapanda juu. Alikaa huko kitambo, ameinama, huku watu wakimpita. Aliposhuka alijipangusa mikono kwenye suruali kabla ya kusema.

"Madam, kuna bolti imekatika. Na hiyo ingine inatoka."

Nikapanda nami. Pale boriti inapokalia nguzo, palikuwa na mwanya ambao haukupaswa kuwepo. Daraja zima lilikuwa limesogea, na upande ule lilikuwa limekalia ukingo tu wa nguzo, kama mgonjwa aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Kupitia mwanya huo niliona paa za magari zikipita chini. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alinipita, na hatua zake zikaja hadi kwenye nyayo zangu. Kisha nikasikia sauti yenyewe. Ilikuwa ndogo, mlio mkavu wa chuma kikisugua zege, na ilikuja tena kila mtu alipokanyaga katikati.

Nilipiga picha, nikapiga simu ofisi inayohusika na mambo hayo. Walinisikiliza kwa adabu, wakanishukuru. Niliporudi wiki iliyofuata nilikuta utepe wa njano umefungwa kwenye ngazi, umeshakatwa, ncha zake zinapepea. Watu walikuwa wanapita. Wangepita wapi? Barabara ile ina magari yasiyosimama. Nikapiga simu tena. Wakaniambia suala limeshapokewa.

Kwa hiyo nilipanga njia ndefu: tufuate Argwings Kodhek, tupite Hurlingham, tukate Kileleshwa hadi Westlands, kisha Parklands. Ilikuwa na nyaya na matawi, lakini nyaya huinuliwa na matawi hukatwa. Tuliipima mara mbili na ufito haukugusa kitu kigumu. Kibali kikatoka cha Jumapili asubuhi. Hata hivyo sikuwa na raha. Usiku wa kuamkia safari mvua ilinyesha kwa upepo, nikalala nikisikiliza mabati ya jirani, na nilipoamka mvua ilikuwa imekatika na jiji limenyamaza.

Tulitoka karakana kukiwa kumepambazuka vizuri. Mimi nilikuwa mbele kwenye pikapu na kijana wetu wa ofisi akiendesha, dereva wa Makueni akifuata na lobedi, na nyuma yake ami kwenye gari lake dogo, amevaa kanzu nyeupe na kofia yake ya viua, pamoja na wazee wawili wa kamati. Hatukuwa tumefika mbali tulipomkuta askari wa trafiki katikati ya njia panda. Mti mkubwa ulikuwa umeanguka kule mbele na kulala juu ya nyaya za umeme, njia imefungwa, na magari yote yanageuzwa. Nikashuka kumweleza. Nilimwonyesha kibali, nikamwonyesha kuba. Alitazama kuba kwa muda, akasema hawezi kuacha mzigo ule uzibe njia panda, magari ya wagonjwa yapite wapi. Nikamuuliza tunaelekezwa wapi. Akanyoosha mkono, na nikajua kabla hajamaliza.

Barabara ile ya daraja ikishakupokea haina pa kugeuzia lobedi. Tulikwenda taratibu. Ufito mbele yangu ulikuwa unayumba. Daraja lilipoonekana nilimpigia dereva simu nikamwambia asimame mbali nalo. Alikuwa ameshaanza kushika breki.

Ami akaja kwa miguu. Aliniuliza mbona tumesimama, nikamweleza. Akatazama kuba, akatazama daraja, akasema ni tofauti ndogo sana, punguzeni upepo kwenye tairi, mtapita. Nilimwambia kwamba hata tukipunguza upepo, tutapita kwa upana wa kidole, na daraja lenyewe limelegea; likiguswa kidogo tu litashuka. Wazee wenzake wakaanza kunung'unika. Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza, honi zinalia. Ami akamgeukia dereva na kumwambia kwamba hii ni nyumba ya Mungu anayoibeba, asiogope.

Dereva alizima injini kwanza.

"Mzee, mimi nakuheshimu," alisema. "Lakini hapa siendi. Kama ni lazima, tafuta mtu mwingine aendeshe."

Ami alikasirika. Nilimwona akibana midomo kama alivyokuwa akifanya zamani alipobishana na baba. Alikwenda kwenye ngazi, akashika kanzu yake isiburute, akapanda ili aone mwenyewe kutoka juu kama kuba litapita.

Ulikuwa wakati wa watu kwenda kanisani. Kina mama waliovaa sare nyeupe na vitambaa vya kichwa walikuwa wanavuka, na watoto na wazee wenye fimbo. Nilimtazama ami akifika katikati, akasimama, akashika chuma cha pembeni. Kundi la kina mama likampita. Akatazama miguuni pake. Sikusikia kitu kutoka pale chini, lakini nilimwona anageuka na kuanza kurudi, si kwa haraka, bali kwa uangalifu wa mtu anayetembea ndani ya chumba chenye mgonjwa.

Aliposhuka uso wake ulikuwa umebadilika. Hakunitazama.

"Mwanangu," alisema, "hawa watu wasipande."

Basi yeye akasimama chini ya ngazi ile, akanyoosha mikono yake miwili, mzee wa msikiti amewazuia waumini wa kanisa. Nilimtuma kijana na wazee wa kamati upande wa pili wakafanye vivyo hivyo. Kina mama hawakufurahi. Mmoja aliuliza daraja limekuwa la msikiti tangu lini. Ami akamjibu kwa upole kwamba ni daraja la kila mtu, ila leo ni bovu, na akamwomba asubiri. Muuza machungwa ndiye aliyemsaidia. Alisimama na kuwaambia wenzake kwamba huyu mzee hasemi uongo, wasogee. Walisogea, wakiwa bado wananung'unika. Mzee mmoja mwenye fimbo ndiye aliyekuwa wa mwisho kule juu, na dereva alipanda kumshika mkono, akashuka naye ngazi moja baada ya nyingine.

Dereva akaniambia tuanze kurudi nyuma, hata kama itatuchukua asubuhi nzima. Nilikuwa nikitembea kwenda nyuma ya foleni kuwaomba wenye magari watupishe nilipoona lori likichomoka kwenye mstari. Lilikuwa limebeba kontena juu ya trela ya juu isiyofaa kwa kontena. Dereva wake alikuwa amechoka kungoja, akaingia upande wa pili wa barabara ambao ulikuwa mtupu, akaongeza mwendo. Nilimpungia mikono. Nadhani aliniona. Nadhani alifikiri nampungia asitugonge, kwa sababu alilivuta lori mbali nasi kidogo na kuendelea.

Kishindo kilikuwa kifupi. Kontena liligonga boriti, daraja likainuka upande mmoja kama linataka kusimama, likakaa hivyo kwa muda mfupi, kisha mwisho wake ule uliokalia ukingo ukateleza na kuja chini. Uliangukia nyuma ya kichwa cha lori, ukaikandamiza trela hadi tairi zikapasuka. Kisha ikaanza kunyesha kutu. Vumbi lake jekundu lilishuka juu ya barabara, juu ya sare nyeupe za kina mama, juu ya kuba la kijani. Nakumbuka machungwa yakibingirika barabarani na mwenyewe hayafuati.

Dereva wa lori walimtoa akiwa hai, mguu umevunjika. Alikuwa anauliza kama ameua watu. Dereva wetu alikaa naye hadi gari la wagonjwa lilipokuja, akimwambia tena na tena kwamba juu hapakuwa na mtu.

Ami alikuwa bado amesimama pale pale chini ya ngazi ambazo sasa hazikwenda popote, mikono ameishusha. Nilipomfikia alishika bega langu, kwa uzito, kama mtu anayetafuta pa kuegemea. Yule mama aliyemuuliza kwa ukali alikuwa karibu yetu. Alimwambia, "Asante baba," na ami akaitikia kwa kichwa.

Tulilirudisha kuba karakana siku ile ile kwa kurudi kinyumenyume, na fundi akalikata vipande viwili kama alivyosema tangu mwanzo kwamba anaweza. Lilifika Parklands kwa safari mbili za kawaida, likaungwa juu ya msikiti siku chache kabla ya mfungo. Ami mwenyewe ndiye aliyeagiza likatwe, na hakuna aliyembishia.

Dereva aliacha kazi mwisho wa mwaka, akarudi Makueni. Alisema hajaogopa, amechoka tu. Mimi bado nipo. Pale palipoanguka daraja wameacha nguzo mbili zimesimama, na watu sasa wanavuka chini, katikati ya magari, wakishikana mikono na kukimbia. Muuza machungwa amehamia upande wa pili. Nilipita hapo wiki iliyopita nikamsalimia, akaniambia wameshagongwa watu hapo. Alinionyesha viatu vya shule vilivyowekwa chini ya nguzo, pamoja, vimefungwa kamba, na akasema mtoto mwenye viatu hivyo, aliyegongwa hapo, hakuja kuvichukua.