Mama Mdogo Alizeeka Kwanza

Mama na mama mdogo ni mapacha. Mama ndiye aliyetangulia kutoka, na hajawahi kumwacha mwenzake asahau. Yeye aliolewa hapa Masinya. Mama mdogo akaolewa ng'ambo ya mpaka, Kenya, mwendo wa bodaboda tu. Walikuwa maskini sawasawa na wakipendana vizuri.

Kisha serikali zikaanza kuwahurumia wazee. Ng'ambo, mzee ni wa miaka sabini. Kwetu ni wa themanini. Chini ya hapo wewe kijana, shika jembe. Basi mapacha walewale, mmoja akawa bibi kizee wa kuweka kidole kwenye mashine na kupokea posho ya serikali, mwingine msichana wa kazi. Mama mdogo akazeeka kwanza, jamani!

Na uzee ulimpendeza. Akaezeka mabati mapya, akanunua mbuzi. Wanawe waliokuwa wamemsahau wakaanza kugombania nani akae naye. Mama alikuwa akipalilia mihogo ya watu ili yatima wawili wa kaka yangu wale, maana dagaa ninaouza mimi hawalishi hata nyumba yangu. Mama mdogo akija na sukari humtania, "Lima dada, wewe damu bado inachemka!" Mama hucheka. Mimi nilikuwa nanuna. Nilitaka kitu kimoja tu: atue jembe kabla halijamzika.

Mwaka huu akatimiza themanini. Nikampeleka kuandikishwa, amevaa gomesi yake ya kanisani. Karani akamwambia aweke kidole kwenye mashine. Mashine ikakataa. Wakajaribu vyote kumi.

"Mama, kidole yako haina alama," karani akasema. "Jembe imekula yote."

"Sasa?" nikafoka.

"Apake mafuta, apumzishe mikono mwezi moja. Asilime. Halafu arudi."

Eti asilime! Angekuwa na namna ya kutolima, tungefuata nini pale?

"Na huo mwezi nitakula nini, mwanangu?" mama akamuuliza taratibu. Karani akaita mwingine.

Jumatatu mama akarudi shambani. Mama mdogo alipopata habari alivuka mpaka bila sukari na bila utani. Akamkuta dada yake katikati ya mihogo, akamnyang'anya jembe, akaanza kupalilia yeye, mikono laini, huku analia.

Mama akamwacha apige mapigo matatu, kisha akamshika mkono.

"Lete hapa," akasema. "Ukizoea hili, mashine itakukataa hata wewe. Halafu nani atatuletea sukari?"

Akaendelea kulima.