Mafundo Matatu ya Kisegi

Mama muuza samaki wa kukaushwa sokoni Kisegi alifunga kila furushi kwa kamba ya mgomba, mafundo matatu, kisha akakata ncha kwa meno. Aliyesafiri Nairobi alipewa furushi bure pamoja na pole. "Huko ni mkate na chai tu, nyathina, mwanangu. Watu wa huko hawamjui samaki." Wachuuzi walipobeba mzigo wake, yeye aliamini unaishia Kisumu. Jirani yake Caren alimbishia mwaka mzima, mwishowe akamletea furushi la samaki alilonunua sokoni Gikomba, Nairobi kwenyewe. Mama aligeuza furushi. Mafundo matatu, na ncha imetafunwa. Alicheka hadi kitambaa kikamdondoka kichwani. Tangu siku hiyo msafiri hapewi pole. Huambiwa tu, "Nisalimie wateja wangu."